Vampaya Ni Nani Hasa? Barua Zenu Zimenibana

Mwezi uliopita msomaji mmoja aliuliza vampaya ni kitu gani, nami nikamjibu kwa mstari mmoja: ni maiti anayetoka kaburini usiku kunyonya damu ya watu walio hai. Nikajua nimemaliza. Kumbe ndo nimeanza, barua zilizokuja baada ya hapo zimegonga karibu kila neno la ule mstari, usiku lina shida, damu lina shida, hata hilo neno maiti lenyewe lina shida, na kwakuwa hili jambo nalipenda toka moyoni nimeona nafasi yote ya mwezi huu niwape nyie. Barua nimezifupisha, majina nimeyaacha.

Shikamoo mwalimu. Mi nasoma fasihi chuoni na kwa kweli umeniangusha. Umesema vampaya anatoka usiku, mbona kwenye Dracula ya Bram Stoker yule bwana anaonekana London mchana kweupe? Au Dracula si vampaya?

Marahaba mwanangu. Umenishika pabaya na umenishika kihalali. Kwenye riwaya ya Stoker, ya mwaka 1897, Jonathan Harker anamwona Dracula mtaa wa Piccadilly mchana na hakuna kinachoungua, mchana Dracula anachopoteza ni uwezo wa kujigeuza umbo apendavyo basi. Na hata kufa hafi kwa jua wala kwa kigingi, anakufa kwa visu, kimoja shingoni kingine moyoni, jua likiwa linazama.

Hili la jua kuwaua limetoka kwenye sinema ya Kijerumani, Nosferatu ya F. W. Murnau, mwaka 1922. Miaka 25 baada ya riwaya! Yaani kitu ambacho ukimuuliza mtu yeyote leo atakuambia ndo sifa namba moja ya vampaya, kina umri mdogo kuliko redio. Na kinachonifurahisha zaidi ni kwamba ukirudi nyuma hadi 1819, kwenye kisa cha John Polidori, yule daktari aliyekuwa akisafiri na mshairi Byron, unakuta vampaya aliyeuawa anafufuka kwa kuangaziwa na mwezi. Mwanga wa mbinguni kule unamponya, huku unamuua. Ni Polidori huyohuyo pia aliyemfanya vampaya kuwa bwana mkubwa mwenye cheo na mavazi mazuri, kabla yake alikuwa mwanakijiji wa kawaida tu mwenye sanda iliyochafuka. Habari ya kutoonekana kwenye kioo ni ya Stoker. Chonge ndefu zinazoacha matundu mawili shingoni zilishakuwepo kwenye hadithi za kutisha zilizokuwa zinauzwa kwa bei rahisi Uingereza miaka ya 1840.

Kwahiyo ile orodha ya sifa tunayoijua sote imeshonwa kama shuka la viraka, kila kiraka kina mshonaji wake na mwaka wake, na mimi nilichofanya mwezi uliopita nikachukua kiraka cha 1922 nikakiita shuka zima. Nakubali kosa. Neno usiku naliondoa, maana nikilibakiza namtoa Dracula, na fasili ya vampaya inayomtoa Dracula haina maana yoyote.

Kaka mhariri, achaneni na mambo ya riwaya, waandishi wanatunga wanavyotaka. Turudi kwa vampaya wa asili, wale wa vijijini kabla hawajaandikwa, tuwape fasili hao. Hapo si tutakuwa tumemaliza?

Nilikuwa na wazo hilohilo miaka mingi na naelewa linavyovutia, unadhani ukichimba chini ya vitabu utakuta mwamba. Ngoja nikuonyeshe ukichimba unakuta nini.

Serbia ya kaskazini ilikuwa mikononi mwa Austria kuanzia 1718, na maofisa wa Austria wakawa wanaandika ripoti za mambo waliyoyakuta. Mwaka 1725 kijiji cha Kisiljevo alifariki mtu anaitwa Petar Blagojević, na baada ya hapo watu tisa wakafa ndani ya siku nane, kila mmoja akiugua kwa muda mfupi sana. Kabla hawajakata roho walisema Petar amewajia usingizini. Akawafanya nini? Akawalalia na kuwakaba koo. Kukaba. Hamna aliyesema ameng'atwa. Damu inaingia baadaye, walipofukua kaburi wakaona damu mbichi mdomoni mwa maiti, ndipo ikahesabiwa kuwa ni ya wale waliokufa. Wakampiga kigingi moyoni wakamchoma moto, na mwaka huohuo habari ikatoka kwenye gazeti la Vienna na lile neno vampaya likiwemo.

Alafu kikaja kisa cha kijiji cha Medveđa, cha Arnold Paole, ambaye Waserbia humwita Arnaut Pavle. Huyu alianguka kutoka kwenye mkokoteni wa majani makavu akavunjika shingo, na enzi za uhai wake alikuwa akisimulia kwamba aliwahi kusumbuliwa na vampaya, akajitibu kwa kula udongo wa kaburi la huyo vampaya na kujipaka damu yake. Miaka michache baada ya kifo chake vifo vingine vikafuatana pale kijijini, na Januari 1732 daktari wa jeshi Johannes Flückinger akatumwa kukagua makaburi. Kwenye ripoti yake kuna maelezo kwamba wengine walipatwa na hali hiyo sababu walikula nyama ya mifugo iliyonyonywa na vampaya. Nyama! Hebu niambie ni filamu gani umeona mtu anageuka vampaya kwa kula nyama. Ripoti hiyo ndiyo iliyozunguka Ulaya nzima, na mwaka huohuo wa 1732 neno likaingia kwenye magazeti ya London.

Sasa tazama vizuri. Huyo vampaya wa asili tunayemtafuta tunamjua kupitia wanajeshi na madaktari wageni, walioandika kwa Kijerumani maneno waliyoambiwa kwa Kiserbia. Na wanakijiji wenyewe kila mmoja alikuwa na lake, huku anakaba, kule ananyonya mifugo.

Ila kuna jambo moja ambalo vijiji vilikubaliana, na mimi naona hapa ndo patamu. Kwao vampaya alijulikana kwa kumkagua akiwa kaburini. Fukua, tazama. Mwili haujaoza inavyotarajiwa, umevimba kama aliyeshiba, una wekundu, ngozi ya juu imevuka na chini kuna nyingine kama mpya, kucha kama mpya, mdomoni damu, na ukipiga kigingi unasikia mlio. Mwaka 1988 Paul Barber alichapisha kitabu kizima akilinganisha ripoti hizo na yale yanayojulikana kuhusu maiti kuoza, na kila kitu kikapata mahali pake. Gesi za uozo zinavimbisha tumbo, shinikizo linasukuma maji mekundu kupitia mdomo na pua, ngozi ya juu inaachia yenyewe na kucha nazo zinatoka zikiacha nyama inayong'aa chini yake, na ukitoboa kifua hewa inapita kooni na kutoa sauti. Ni maiti ya kawaida kabisa inafanya mambo ya kawaida ya maiti, ila ni mambo ambayo watu wengi hawajawahi kuyaona sababu wakishazika hawarudi kufukua.

Hiyo ilikuwa fasili safi sana kuliko zote, ina kipimo, ina hatua, mtu yeyote na koleo lake anaweza kuhakiki. Na ilikuwa inamkamata karibu kila marehemu aliyezikwa wiki kadhaa zilizopita. Ndiyo maana mwaka 1755 Malkia Maria Theresa wa Austria alimtuma daktari wake Gerard van Swieten afuatilie kisa kingine, na baada ya ripoti yake serikali ikapiga marufuku watu kufukua na kuchoma maiti kwa sababu hizo. Nikisoma habari hizi huwa nawafikiria wale ambao mama yao au mtoto wao ndiye aliyefukuliwa. Watu wanasema kubishana kuhusu fasili ni kupoteza muda, wale walizikwa mara mbili kwa ajili ya fasili.

Habari ndugu mhariri. Nilisikia kwamba vampaya walikuwa ni watu wenye ugonjwa wa pofiria, wanaogopa jua na wanahitaji damu. Si ndo jibu la kisayansi hilo?

Hapana ndugu yangu, na hili naomba ulipeleke kwa yeyote aliyekuambia. Wazo hilo lilitangazwa sana mwaka 1985 na David Dolphin, mtaalamu wa kemia, na likasambaa magazetini haraka sababu linasikika vizuri. Pofiria ni ugonjwa wa kweli, mwili unashindwa kutengeneza vizuri ile sehemu ya damu inayobeba hewa, na baadhi ya aina zake ngozi inaumia ikipigwa na jua.

Lakini umesoma jibu la kwanza hapo juu? Jua ni la sinema ya 1922. Wanakijiji wa Kisiljevo hawakusema lolote kuhusu Petar Blagojević kuogopa jua, walisema amekufa, amezikwa, na anawakaba. Hiyo nadharia ilichukua vampaya wa filamu ikamtafutia ugonjwa, kisha ikadai imepata chanzo cha vampaya wa vijijini walioishi karne mbili kabla ya filamu. Na kunywa damu hakumsaidii mgonjwa wa pofiria, ikifika tumboni inameng'enywa kama chakula kingine. Waliobaki na mzigo ni wagonjwa wenyewe, wana maumivu yao ya kutosha halafu wanaongezewa jina la mzimwi.

Hapa ndo unaona ukikosea kusema unamzungumzia vampaya yupi, hata sayansi nzuri inapotea njia.

Mwalimu, mwanangu anapenda filamu za Kichina zenye wale maiti wanaoruka miguu imebana. Ameniuliza kama ni vampaya nikashindwa kujibu. Na hivi Kiswahili tunasemaje, mumiani ni vampaya?

Mwanao ameuliza swali zito kuliko anavyojua. Yule anaitwa jiangshi, jina lenyewe maana yake maiti aliyekakamaa, anarukaruka sababu viungo havikunji, na anachofyonza kwa desturi ni pumzi ya uhai ambayo Wachina huiita qi. Damu si lazima. Ukienda Ugiriki unakuta vrykolakas. Mtaalamu wa mimea wa Kifaransa, Tournefort, alikuwa kisiwa cha Mykonos mwisho wa mwaka 1700 akashuhudia kisiwa kizima kikihangaika na mmoja, na malalamiko ya watu ni kwamba anavunja milango, anapiga watu, anamaliza vinywaji kwenye chupa. Malaysia kuna penanggalan, na huyu hata hajafa, ni mwanamke aliye hai ambaye usiku kichwa kinachomoka na matumbo yananing'inia kinapaa kutafuta damu. Sasa neno maiti nalo limeondoka.

Mumiani ndo anakwenda mbali kabisa. Neno lina asili ya Kiajemi, lilikuwa jina la kitu cheusi kama lami kilichotumika kama dawa, na kutoka mzizi huohuo Wazungu wakapata jina la zile maiti zilizokaushwa za Misri. Enzi za ukoloni uvumi Afrika Mashariki ulisema mumiani ni watu wanaokamata watu na kuwatoa damu. Mwanahistoria Luise White aliandika kitabu kuhusu uvumi huo mwaka 2000 na kwenye jina la kitabu akawaita vampaya. Ila mumiani ni mtu hai, ana kazi, ana bosi, anatumia vifaa, na damu hainywi yeye, inapelekwa kutengenezwa dawa. Kitu pekee kinachomuunganisha na Dracula ni damu, na jiangshi anaunganishwa na Petar kwa umaiti, na penanggalan anaunganishwa na mumiani kwa uhai. Hamna sifa moja inayopita kwa wote.

Mwanafalsafa Wittgenstein, kwenye kitabu kilichotoka 1953 baada ya kifo chake, alitoa mfano wa neno mchezo. Karata, mpira, watoto kukimbizana, mtu peke yake anadundisha mpira ukutani, tafuta kitu kimoja walichonacho wote, hukipati, ila unaona wanafanana kama watu wa ukoo, huyu ana pua ya baba yule ana mwendo wa shangazi. Wengi wanaishia hapo na kusema basi vampaya nao ni hivyo. Mi naona haitoshi. Kwa kufanana tu hata kupe na ruba wangekaribishwa kwenye ukoo.

Ukoo hauundwi na kufanana, unaundwa na kuzaliana. Tazama hilo jina vrykolakas, limetoka kwa Waslavi, kwao vukodlak ni kama kusema mwenye manyoya ya mbwamwitu, yaani mtu anayegeuka mbwamwitu! Jina likavuka mpaka likashika mfu anayetembea, na huko Serbia kwenyewe vukodlak likaja kuwa jina lingine la vampaya. Au chukua zombi. Zombi wa Haiti ni mfu aliyefufuliwa afanyishwe kazi, hamli mtu. Zombi anayekula watu ametoka kwenye filamu ya George Romero ya 1968, na Romero mwenyewe alisema alichota kwenye riwaya ya Richard Matheson ya 1954, ambayo inahusu nani? Vampaya. Kwahiyo zombi wa sinema hafanani na Dracula hata kidogo lakini ni mjukuu wake, wakati jiangshi wa hadithi za kale anafanana na Petar Blagojević kama pacha na hawakuwahi kujuana.

Mwambie mwanao hivi: jiangshi si vampaya, ila mtu wa kwanza kumfasiri hakuwa na neno jingine mfukoni. Na mumiani mwachie jina lake, ni lake la haki.

Wanafizikia walishapiga hesabu wakaonyesha vampaya hawawezi kuwepo. Kwanini mnaendelea na mjadala?

Hesabu hiyo naijua, ni ya Costas Efthimiou na Sohang Gandhi wa Marekani. Anza na vampaya mmoja, kila mwezi kila vampaya anang'ata mtu mmoja naye anageuka, wanakuwa 2, 4, 8, 16. Wao walianzia mwaka 1600 na watu milioni 536 na kitu, dunia ikaisha ndani ya miaka miwili na nusu. Nimeirudia kwa watu wa leo, mwezi wa 33 unapata vampaya zaidi ya bilioni 8.5, watu wameisha.

Hesabu haina kosa. Ila kilichokufa hapo ni fasili moja tu, ile inayosema kila aliyeng'atwa anageuka. Kwa Polidori wahanga wanakufa na wanabaki wamekufa. Kwa Stoker, Lucy ananyonywa siku nyingi hadi anafariki ndipo anainuka, na Mina ameng'atwa lakini hageuki. Kwa hao hesabu haisemi kitu. Tusingehitaji hesabu kujua hawapo, ila tunahitaji kujua ni yupi tumemkanusha.

Mimi nauliza kwa heshima tu. Kitu kisichokuwepo kinawezaje kuwa na fasili sahihi au isiyo sahihi? Si kila mtu aseme lake?

Swali la heshima na mi nalijibu kwa heshima, sababu nimelala nalo usiku mwingi.

Kitu kilichopo kina uwezo wa kukurekebisha. Watu walidhani nyangumi ni samaki, wakampasua wakakuta mapafu na maziwa, fasili ikabadilika sababu nyangumi mwenyewe amekataa. Vampaya hatakaa akukatalie. Hamna wa kumpasua. Marco Polo alipofika Sumatra alikutana na vifaru, na kwakuwa alikwenda akiwa na hadithi ya yule mnyama wa pembe moja kichwani, akaandika kwamba ndio hao, wakubwa karibu sawa na tembo, wanapenda kugaagaa kwenye tope, na wala hawafanani na tunavyowasimulia kwetu. Yeye alichagua kusema mnyama yupo ila hadithi imekosea. Angeweza kabisa kusema hadithi iko sawa ila huyu ni mnyama mwingine. Nani wa kumwambia lipi ni kweli?

Mwanafalsafa Saul Kripke, kwenye mihadhara yake ya 1970, alikwenda mbali zaidi, akasema hata tukigundua kesho mnyama anayelingana na hadithi ya mwenye pembe moja kwa kila kitu, hiyo haitoshi kusema hadithi ilikuwa inamhusu yeye, lazima kuwe na uzi unaounganisha wale wasimulizi na mnyama yule. Mi hili nalikubali. Kesho mwanasayansi akipata kwenye pango kiumbe chenye chonge, kinakunywa damu, kinaogopa jua, kitakuwa kiumbe kipya cha ajabu, ila Petar Blagojević hakuwa akizungumzwa kwa sababu yake.

Na tumeshawahi kujaribu. Kuna popo wa aina tatu Amerika ya Kati na Kusini ambao kweli wanakunywa damu, wakapewa jina la vampaya kutokana na hadithi za Ulaya, hadithi ndo iliwatangulia. Kwenye kugawa majina kukawa na haraka, popo mkubwa kuliko wote wa huko, Vampyrum spectrum, akapewa naye. Huyu hanywi damu kabisa, anakula ndege, panya na popo wenzake. Jina limemkaa hadi leo.

Kwahiyo kila mtu aseme lake? Hapana. Hakuna kiumbe wa kuturekebisha, ila kuna wasimulizi, kuna ripoti zenye tarehe, kuna riwaya zilizochapwa. Ukisema Dracula anaungua kwa jua umekosea, na naweza kukuonyesha ukurasa. Ukisema vampaya anaungua kwa jua, hapo nitakuuliza vampaya wa nani, wa mwaka gani. Ukinijibu hilo, nitakuambia kama umekosea.

Shikamoo. Mimi ni mwalimu, natengeneza kamusi ndogo kwa ajili ya wanafunzi wangu. Naomba fasili ya vampaya isiyozidi mistari mitatu, na je, nimweke Mercy Brown wa Marekani kama mfano wa vampaya aliyewahi kuwepo?

Marahaba mwalimu mwenzangu. Nimeandika na kufuta mara nyingi, nimebaki na hii: *Vampaya: jina lililoenea Ulaya kutokana na ripoti za Serbia za 1725 na 1732, la mfu aliyedhaniwa kurudi kuwadhuru walio hai, tangu 1819 ni mhusika wa hadithi na baadaye filamu, kwa kawaida hunywa damu, na sifa zake nyingine hutegemea msimulizi.* Usiyaondoe maneno "kwa kawaida" na "hutegemea msimulizi" hata mkaguzi akikuambia yanalegeza, bila hayo sentensi inasema uongo.

Kuhusu Mercy, nakuomba usimweke. Alikuwa binti wa miaka 19, kijiji cha Exeter, jimbo la Rhode Island. Mama yake alikufa kwa kifua kikuu, dada yake akafuata, na Januari 1892 naye akafariki kwa ugonjwa huohuo, huku kaka yake Edwin akiwa hoi. Majirani wakamshawishi baba yao wafukue. Mama na dada walikuwa wamebaki mifupa, Mercy ambaye alikuwa amekaa miezi miwili ya baridi kali alikuwa bado hajaoza na moyoni kuna damu, wakautoa moyo na ini wakachoma. Robert Koch alikuwa ameshamtangaza mdudu wa kifua kikuu miaka kumi kabla. Majirani hawakuwa wakitumia neno vampaya, waliamini tu kwamba kuna kitu kwenye maiti mmoja kinawamaliza walio hai, neno lililetwa na magazeti, na toka siku hiyo binti yule anaitwa hivyo. Majivu walimchanganyia Edwin akanywa kama dawa. Alifariki Mei, mwaka uleule.

Ukitaka mfano wa kuweka kwenye kamusi chukua Dracula, yeye hana ndugu. Mercy muandike kwa jina lake.